Kisu cha Juvenal Kimerudi

Mliniacha Jumamosi iliyopita nimesimama katikati ya mgahawa wa nyama choma, thamosi kwapani, nikitazama ukutani nisiamini macho yangu. Baadhi yenu mmeandika barua hapa gazetini kuniita mpumbavu. Subirini kidogo. Leo mtapata sababu ya kweli ya kuniita hivyo.

Kwa ambaye hakuwepo, mambo yako hivi. Mimi ni Heber, nina miaka sitini na mmoja, seremala wa bandari ya Montevideo mpaka siku karakana yetu ilipofungwa. Tangu hapo nanunua vifaa vya zamani vya mafundi, randa, patasi, tezo, misumeno, navisafisha na kuviuza kila Jumapili kwenye gulio la mtaa wa Tristán Narvaja.

Mwezi wa Novemba Idalina, binti wa marehemu Juvenal mtengeneza ngoma wa mtaa wa Palermo, aliniuzia sanduku zima la baba yake. Aliweka sharti moja. Visiende kwa watu wa kutundika ukutani, viende kwa mtu atakayevifanyia kazi. Nikamwapia kwa jina la mama yangu.

Halafu akaja kijana mmoja gulioni, akasema ni seremala, akataka kisu cha Juvenal. Mikono yake ilikuwa laini. Niliiona ilivyo laini, nikajitia hamnazo, nikamfungia kisu kwenye gazeti.

Kisu chenyewe si cha jikoni. Ni bapa la chuma lililopinda, lina mpini kila ncha. Unakishika kwa mikono miwili na kukivuta kuelekea kifuani, nacho kinakwangua kwa ndani mbavu za ngoma, zile mbao ndefu zinazounganishwa kama za pipa. Juvenal alikifua mwenyewe. Nilipokipokea kilikuwa kimelika vibaya, nusu moja imepinda zaidi ya nyingine, nikajua macho ya mzee yalichoka miaka ya mwisho. Nikakiweka kwenye jiwe la kunolea asubuhi moja, nikakisawazisha pande zote mbili kama ninavyofanya kwa kila ninachouza, kikapendeza.

Mwezi huu wa Januari Idalina akaja gulioni kwangu, amechangamka kuliko nilivyowahi kumwona. Kikundi cha ngoma cha mtaa wao kimempa kazi ya ngoma nane kwa maandamano ya kanivali ya Februari. Alisimama miaka ishirini kando ya baba yake akimshikia mbao, kazi anaijua. Sharti la kikundi ni kwamba ngoma zilie kama za Juvenal. Zikilia, karakana inafunguliwa tena. Zisipolia, wataagiza kwingine, na chumba cha karakana anakirudisha kwa mwenye nyumba. Vifaa vingine anaweza kuazima, akasema, ila kisu hakina mwenzake. Yuko tayari kukinunua tena.

Nikamwambia kipo nyumbani.

Hapo ndipo nilipoanza kukitafuta, na ndipo nilipokikuta, kimetobolewa mipini yote miwili na kukazwa kwa skrubu ukutani, kati ya msumeno na kiatu cha farasi, katika mgahawa ambao mwenyewe ameuita La Garlopa. Maana yake ni randa kubwa. Randa yenyewe hajawahi kuishika maishani mwake.

Mwenyewe anaitwa Leonel, ndiye yule mwenye mikono laini. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, na la kwanza lilikuwa mwongo.

Akanipokea kwa furaha.

"Mzee wangu! Kaa, kaa. Unaona kilivyokaa vizuri? Wateja wote wanauliza hiki ni kitu gani."

"Uliniambia wewe ni seremala."

"Niliupiga rangi ukuta huu wote kwa mikono yangu," akasema, na nadhani aliamini kwamba amejibu.

Akaniita mlangoni kunionyesha jambo. Ana ubao wa picha pale karibu na choo. Kila anayemuuzia kitu hupigwa picha nacho siku hiyo hiyo, kisha picha hutiwa fremu. Nami nilikuwepo, gulioni, nimekishika kisu kifuani kwa mikono miwili, makali yameelekea kamera, meno yangu yote nje. Nilikuwa nimeisahau kabisa picha ile.

Nikamweleza shida yangu. Sikumweleza yote, nilisema tu kwamba familia ya marehemu inakitaka kwa kazi. Nilitegemea akatae. Nilitaka akatae, kwa sababu mtu akikataa unapata wa kumchukia.

Akasema hana neno, kichukue. Anachohitaji ni kitu cha kuziba pengo, maana skrubu zimeacha matundu na Ijumaa ana sherehe. Kitu cha zamani, kikubwa, chenye historia.

"Nina misumeno mitatu," nikasema.

"Misumeno ninayo. Huna randa? Mgahawa unaitwa randa, mzee, na randa sina. Wananicheka."

Nilikuwa nazo randa tano za kuuza. Nikamletea zote jioni ile, akazitazama moja moja na kutikisa kichwa. Ndogo. Mpya. Hii imekaa kama kiatu. Alitaka ndefu, na ndefu niliyokuwa nayo ni moja tu duniani. Ni ya baba yangu. Aliifanyia kazi miaka thelathini na nane pale bandarini, jina lake limegongwa kwa herufi mbele, na kwenye mshikio mbao imeliwa na kidole gumba chake mpaka pana kishimo. Nikiweka kidole changu pale kinatosha sawasawa.

Dada yangu Nibia, ninayeishi naye, aliniona naitoa juu ya kabati.

"Unaipeleka wapi?"

Nikamwambia.

"Kwa hiyo umemdanganya mwanamke wa watu, na anayelipa ni baba."

"Siyo hivyo, Nibia."

"Nieleze basi ilivyo. Nina muda, maharage hayajaiva."

Nikaanza kutafuta mfuko wa kuitia. Akanigeukia mgongo akaendelea kukoroga sufuria yake, nami nikatoka na randa kwenye mfuko wa mkate.

Nilimwomba Leonel kitu kimoja, aiweke kwenye rafu, asiitoboe. Akaniahidi. Akaniambia nisimame kando ya ukuta, tupige picha ya makabidhiano. Nikasimama. Alipomaliza, akachukua mashine ya kutobolea, akaniuliza kwa upole kama katikati panafaa au pembeni, kwa sababu rafu hana. Nilipofungua mdomo kumjibu, ncha ilikuwa imeshaingia kwenye mbao. Vumbi lake lilikuwa jekundu. Sikujua kwamba randa ile ndani ni nyekundu.

Sikumpiga. Nataka mjue kwamba sikumpiga, maana nilitamani sana. Aliponipa kisu akaniambia nisihofu, hakina hatari tena, alikipiga tupa kidogo kwenye makali mteja asije akajikata. Nikatazama. Kweli, makali yalikuwa yamekuwa butu. Nikatukana njia nzima mpaka nyumbani, lakini moyoni nilikuwa na nafuu. Makali butu ni kazi ya saa moja kwenye jiwe. Nikakinoa vizuri, nikaziba matundu ya mipini kwa vijiti na gundi, nikapaka mafuta. Nikasema, Heber, umeteleza lakini umesimama.

Kesho yake asubuhi nikaenda Palermo.

Idalina alikuwa ameshafagia karakana. Mbao zimepangwa ukutani kwa urefu, pete za chuma zimening'inizwa, na juu ya meza kulikuwa na ngoma moja ya baba yake, ile kubwa ya sauti nzito, kando yake ubavu mmoja ambao mzee aliuacha nusu siku aliyolazwa hospitali. Ulikuwa umekwanguliwa kutoka kitako mpaka karibu na kifua cha ngoma, kisha kazi imesimama.

Alikipokea kisu kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye mpini wa kushoto, akatambua nilipoziba tundu, akaniuliza ni nini. Nikasema mbao ilipasuka kwa joto, nimeirekebisha.

"Asante, mzee Heber," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi. Watu waliniambia gulioni kila mtu anauza chochote."

Akanikalisha kwenye kigoda cha baba yake. Akaleta maandazi ya moto, yale ya kukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na kunijazia kibuyu cha yerba, yale majani yetu ya kunywa kwa maji ya moto. Akanieleza mipango yake, nami nikala maandazi manne huku nikiitikia kwa kichwa kama mtu mwema. Alisema mama yake alimkataza kushika kisu hiki alipokuwa mdogo, na baba yake akamfundisha kwa siri. Ataanza na ubavu ule ule alioacha mzee, aumalizie, ndipo akate mwingine. Ameona ni heshima.

Akaubana ubavu kwenye jiliwa. Akashika kisu, akaweka mguu mmoja mbele, akavuta.

Kikaruka.

Akakirudisha, akavuta tena polepole. Kikalia kwenye mbao, kikakwangua mstari mmoja mwembamba katikati na kuacha pembeni bila kupagusa. Akasimama. Akageuza kisu, akajaribu kwa nusu ya pili. Vile vile.

Nikamwambia labda mbao imekauka.

Akakilaza kisu ndani ya ule mfereji aliouchimba baba yake mwenyewe, pale karibu na kitako. Mahali hapo kisu kilipaswa kulala kimya. Kikatikisika huku na huku, na chini yake mwanga wa dirisha ukapita. Akakisogeza mpaka kwenye kifua, mwanga ukapita tena, mwingi zaidi.

"Hapa kwenye kitako ngoma ni nyembamba," akasema, akiongea na kisu kuliko na mimi. "Alikuwa anatumia nusu hii, iliyopinda sana. Akifika kwenye kifua anasogeza mikono, anatumia nusu nyingine, iliyolala. Kisu kimoja, mpindo mara mbili. Hakuwa na kipimo kingine. Hakuandika popote. Alikuwa anasema kipimo changu ni chuma."

Nikalirudisha andazi la tano kwenye sahani.

Wasomaji, sasa mmeelewa, na mimi nilielewa hapo hapo. Kile nilichodhani ni macho ya mzee yaliyochoka kilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Zile nusu mbili zisizolingana, nilizozisawazisha asubuhi moja huku nikipiga mluzi, zilikuwa sauti ya ngoma zote zilizotoka karakana ile kwa miaka arobaini. Seremala mwingine angekiacha kilivyo, kwa kuwa si chake. Mtu wa kawaida angekiacha, kwa kuwa hajui kunoa. Ni muuza vifaa peke yake anayeweza kukiharibu kwa ustadi namna ile, ili kipendeze mezani Jumapili.

"Nani amefanya hivi?" akauliza Idalina.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu pale sikuwa. Alinitazama bila hasira, alikuwa anauliza tu, na nina hakika kama ningejibu mimi, angekaa chini kimya na tungeanza kufikiri. Lakini tumbo langu lilikuwa limejaa maandazi yake.

Nikamwambia habari ya Leonel.

Nilimwambia nusu ya ukweli, ile nusu inayonifaa. Kwamba alinidanganya kuwa ni seremala. Kwamba alikitundika. Kwamba nilihangaika mpaka nikakirudisha, na nilimpa randa ya baba yangu. Hapo sauti ilinitetemeka, na haikuwa uongo. Kisha nikasema alikipiga tupa. Hilo nalo si uongo. Nikaliacha neno hilo hapo likae.

Idalina aliweka kisu mezani taratibu. Akaniambia pole kwa randa ya baba yangu. Yeye alinipa pole mimi. Kisha akavua aproni.

"Twende kwake."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nataka anionyeshe alikipiga tupa wapi na kiasi gani. Akikumbuka alichokitoa, labda naweza kukirudisha. Na nina maneno yangu mawili ya kumwambia."

Nikamwambia yule kijana ni mkorofi. Nikamwambia saa hizi mgahawa umefungwa. Nikamwambia goti langu. Kila sababu niliyotoa aliijibu huku akifunga madirisha na kutia kisu kwenye kikapu, na ya goti aliijibu kwa kunipa mkongojo wa baba yake. Basi nikatembea Rambla, ile barabara ya ufukweni, kutoka Palermo mpaka mgahawani kwake mtaa wa Pocitos, jua la Januari utosini, na mkongojo wa marehemu mkononi, nikielekea kwenye ile picha.

Maana picha ndiyo niliyokuwa naiwaza. Picha ilipigwa siku ile ile ya kuuza, gulioni, kabla kisu hakijafika mgahawani. Nimekishika kisu mbele, makali yote yanaonekana, nusu zote mbili zimelingana. Mtu yeyote asingeona kitu. Idalina angeona kabla hajamaliza kuvuka mlango.

Tulipofika nilisema naomba niende choo kwanza. Umri wangu unaruhusu. Nikaingia mbio, mkongojo na yote, mkono mmoja tayari kuichomoa ile fremu na kuitia ndani ya shati.

Haikuwepo.

Mahali pake palikuwa na picha mpya, mimi na randa ya baba yangu, uso wangu kama wa mtu anayezikwa. Sijawahi kushukuru hivyo maishani. Nilimshukuru hata Leonel, na utaratibu wake wa kutundika kitu kinachokuja na kuondoa kilichokwenda. Nilinawa uso, nikachana nywele kwa vidole, nikatoka nimenyooka.

Ukumbini Idalina alikuwa ameshaanza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amemkalisha Leonel kwenye kiti cha mteja na kumweleza ngoma ni nini, na baba yake alikuwa nani, na mtu wa aina gani huchukua tupa akala kazi ya miaka arobaini ya mtu mwingine bila kuuliza. Leonel alikuwa amewekewa kisu mapajani. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nilikipiga tupa, ndiyo. Mara tatu, nne, hapa kwenye ukingo. Lakini umbo sikuligusa. Nisingejua hata nianzie wapi."

"Mtu huyu haelewi chuma," nikasema kwa haraka. "Tupa mara nne inaweza kuondoa kila kitu."

Idalina alinigeukia. Fundi anajua kwamba tupa mara nne haiondoi kitu. Binti wa fundi pia anajua. Niliona neno langu linamfikia, na kwamba halikukaa mahali pake.

"Ngoja," akasema Leonel, amepata afueni. "Ngoja mama, nilikuwa nimekuwekea kitu. Niliposikia ni cha marehemu baba yako, nikasema familia ipate kumbukumbu. Nilitaka kumpa mzee akuletee, ila jana aliondoka amekasirika."

Akainama chini ya kaunta. Akatoa fremu, imefungwa kwa karatasi ya bluu na utepe.

Nilisogea kuichukua. Nilisema nitaibeba mimi, ni nzito. Idalina alikuwa ameshaipokea.

Aliifungua bila kuichana karatasi, kama wanavyofungua watu waliolelewa vizuri. Akaiangalia. Akaisogeza dirishani, akachukua kisu kutoka mapajani mwa Leonel, akakiinua kando ya picha. Alitazama kimoja, akatazama kingine.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji.

"Bwana," akamwambia Leonel, "nimekusema bure. Samahani."

Kisha akanipa mimi ile fremu, niishike mwenyewe, uso wangu ukiwa juu.

"Hapa unacheka, mzee Heber," akasema.

Alikifunga kisu kwenye ile karatasi ya bluu, akakaza utepe, akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kunipa mkono wa kwaheri, nikanyoosha wangu. Alikuwa anataka mkongojo wa baba yake. Nikampa.

"Lile jiwe lako la kunolea," akasema, "ulilotumia. Lilete karakana kesho saa mbili asubuhi, ubavu wa baba bado una mpindo wake. Na uje na mikono yako miwili."

Akatoka kabla sijauliza ya nini.